Upele wa Jumanne

Upele wangu ulishika ratiba kuliko watu wengi ninaowafahamu. Jumapili nilikwenda kanisani nikiwa mzima. Jumatatu nilishuka soko la Kiboriloni na magunia yangu ya maharage, bado mzima, labda shingo inanitekenya kidogo. Jumanne nikiamka, vipele vimeshajipanga shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya viwiko, vinawasha mpaka natamani kujikuna kwa gunzi la mahindi, na siku nyingine nilijikuna nalo kweli. Kufika Ijumaa vinanyauka. Jumamosi ngozi inapumua. Jumapili tunaanza upya.

Ningekuwa mtu mwingine ningejikuna kwa amani zangu. Lakini mwaka ulikuwa wa tisini na tano, mimi nilikuwa mjane, na mume wangu Remigius alikuwa amekufa kwa nimonia.

Siku zile nimonia lilikuwa neno la heshima. Vijana wengi waliokuwa wakihangaika na biashara za mpakani walirudishwa mlimani wamebaki mifupa, wakazikwa migombani, na msemaji wa familia akasimama akatangaza kwamba marehemu alisumbuliwa na nimonia. Watu walitikisa vichwa, wakaelewana bila kutamka ule ugonjwa wenyewe. Sasa Remigius wangu alinyeshewa Holili mpakani, lori lao lilipokwama matopeni, akarudi anakohoa, akaugua kifua muda mfupi, akafa. Daktari alisema nimonia, na ilikuwa nimonia. Nani angeamini? Alikuwa kijana wa mpakani, anavusha mahindi na sabuni, anapendeza, anacheka na kila mtu. Watu waliinamisha vichwa kama walivyoinamisha kwa wengine.

Halafu mjane wake akaanza kutoka upele.

Mama mkwe wangu, Mama Dominika, hakuwahi kuniuliza. Afadhali angeuliza. Tuliishi kihamba kimoja, shamba la ukoo la migomba, huko Kilema, nyumba yake juu, yangu chini, katikati zizi la ng'ombe. Kila asubuhi alishuka na maziwa ya binti yangu Doris. Nikimwamkia shikamoo, alikuwa ameshaniangalia viwiko kabla hajaitikia marahaba. Kama ni Jumanne, marahaba ile ilitoka kwa shida.

Nilijua anachokitafuta kwenye viwiko vyangu. Kama mimi ninao ugonjwa, basi Remigius alikuwa nao, na yote yaliyokuwa yakisemwa kwenye vilabu vya mbege kuhusu mwanawe ni kweli. Huyo alikuwa kitinda mimba wake. Alimbeba mgongoni akienda kukata majani ya ng'ombe, alimfundisha rozari kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kumzika alimzika, lakini kumwamini alikuwa bado anahangaika nako, na ngozi yangu ndiyo ilikuwa inamponza.

Nilikwenda mjini nikapima damu. Sikumwambia mtu. Dada aliyenipa majibu alisema sina, akarudia tena kwa sababu aliona sijasikia. Niliporudi nilimwendea Mama Dominika jikoni kwake, nikafunga mlango, nikamwambia wazi, "Mama, nimepima. Sina ule ugonjwa."

"Aika Ruwa," alisema. Asante Mungu. Akanishika mkono, akanipa ndizi za kuchoma, tukala pamoja.

Jumanne iliyofuata macho yake yakarudi kwenye viwiko. Sikumlaumu, ingawa iliniuma. Majibu yangu yalikuwa maneno tu, na maneno ya kufariji tulikuwa tumeshayasikia mengi mno mwaka ule, mengine ya uongo kabisa. Upele ulikuwa unaonekana. Nikajisemea, kama huyu mama anaamini anachokiona, basi ni lazima nimwonyeshe upele huu unatoka wapi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa maharage. Wauzaji wa jumla waliyapaka dawa ya unga ya kuzuia wadudu, na mimi nilikuwa nayapima kwa mikono mitupu. Jumatatu nayashika, Jumanne nawashwa, nini tena? Nikayaacha, nikabaki na ndizi peke yake. Wateja wangu walinuna, na jirani yangu wa meza akawachukua wote huku akinipa pole. Jumanne upele ulikuja vilevile, wala haukubisha hodi.

Nikaishtaki sabuni. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa mche mmoja, sasa soko lilikuwa limejaa sabuni za kila rangi, nyingine zinanukia kama harusi. Nikaziacha zote, nikarudi kwenye sabuni ya mche. Nikawa nanuka kama nguo iliyofuliwa, na Jumanne nikajikuna.

Nikaishtaki mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Baada ya misa tulikuwa tunapita kwa ndugu kunywa kidogo, na nilisikia kwamba ulezi unaweza kumkataa mtu. Nikaanza kupitisha kata bila kugusa. Jirani yetu Leonia, mwimbaji wa sauti ya kwanza na mwenye masikio ya kwanza pia, aliliona hilo siku hiyohiyo.

"Mama Doris, siku hizi hata mbege hunywi? Au ndiyo masharti ya daktari?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na watu wote wakageuka kunitazama. Mama Dominika alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliangalia ndani ya kata yake muda mrefu kama mtu anayetafuta nzi.

Huyohuyo Leonia ndiye aliyegundua uhusiano na kanisa. Nilimsikia mwenyewe nikiwa nyuma ya ua wake, anamwambia mwenzake kwamba mke wa Remigius akitoka tu kumpokea Bwana anawashwa. Nilichukia mpaka masikio yakapata moto. Mimi ni mtoto wa mashamba ya miwa kule chini. Baba yangu ni Mnyiramba aliyekuja kukata miwa, na nilibatizwa kanisa jingine. Ukatoliki niliupokea kwa ajili ya Remigius, kwa moyo wangu wote. Sasa eti hata komunyo inanitapika.

Hata hivyo, hasira haikunizuia kuchunguza. Ni kweli ilikuwa inaanzia kanisani, au angalau baada ya kanisa. Nikahama benchi, labda ni vanishi mpya. Nikakaa mbali na ubani. Kwenye maji ya baraka nikawa nachovya ncha ya kidole kimoja, Mungu anisamehe. Hakuna kilichosaidia, ila watoto wa Jumuiya walianza kunishangaa ninavyohamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilichoshindwa kukiona kilikuwa mwilini mwangu.

Kwa desturi ya nyumba ile, mjane anavaa nyeusi mpaka misa ya mwaka. Nilikuwa na magauni mawili. Moja la pamba, la kila siku, nilishonewa na fundi siku ya msiba, na jua la sokoni lilikuwa limeshalipausha mabegani. La pili lilikuwa la Jumapili na la misiba ya watu. Hilo lilikuwa mtumba mzuri sana, kitambaa laini cha kuteleza, mikono mirefu, kola ya kusimama. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee nilipolinunua. Mama Dominika alilitia nyeusi mwenyewe, kwa rangi ya pakiti, ndani ya sufuria lake la zamani.

Kile kitambaa kilikuwa hakiipendi ile rangi. Kila nikilifua, maji yanatoka meusi na gauni linabaki la majivu. Mama Dominika hakuvumilia. "Mwanangu hataliliwa kwa majivu," alisema. Basi Jumamosi, baada ya kulifua, alikoka moto nje, akachemsha maji, akamwaga pakiti, wakati mwingine mbili, akalizamisha gauni, akaligeuza kwa mwiko taratibu, huku akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za Kichagga ambazo mimi siziwezi. Kulisuuza alikataa, kwa sababu kulisuuza ni kuitoa tena. Alilianika chini ya dari likauke polepole. Kitambaa chake cha kichwa alikichovya humohumo.

Zile ndizo saa pekee nilizomwona ametulia tangu tumzike Remigius. Ilikuwa kazi ya mwisho aliyobaki nayo ya kumfanyia mwanawe, na aliifanya kama anamwogesha. Vidole vyake havikutakata tena, wiki nzima vilikuwa vyeusi. Nilikuwa nampenda sana siku za Jumamosi.

Mwishowe nikakata shauri kwenda kliniki ya ngozi mjini. Daktari alikuwa mama mfupi, ana miwani imefungwa kamba, haongei sana. Alinivua gauni, akanizungusha kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia lile swali la mume wangu amekufa kwa nini. Hakuliuliza. Aliweka kidole kifuani.

"Hapa mbona hakuna kitu?"

Nikaangalia. Kweli, upele ulikuwa umezunguka shingo, ukashuka kwapani, ukakaa kwenye viwiko na vifundo vya mikono. Kifuani, tumboni na mapajani ngozi ilikuwa safi kama ya mtoto. Ulikuwa umekatika kwa mstari kabisa.

"Hapo panafunikwa na shimizi," nilisema.

"Na juu ya shimizi?"

"Gauni."

"Hili?"

"Hili la kila siku. Jumapili nina jingine." Nikamweleza kuhusu Jumanne, maharage, sabuni, mbege na ubani. Ya maji ya baraka nikayaacha.

Alicheka kidogo. "Mama, umekuwa ukimkamata aliyepita jana. Ngozi ikichukia kitu, mara nyingi haipigi kelele siku hiyohiyo. Inakaa nacho kwanza, siku moja au mbili, ndiyo inalipuka. Upele wa Jumanne usiutafutie Jumatatu. Utafutie Jumapili. Kesho niletee magauni yote mawili."

Nilimpelekea. Nilipomweleza jinsi lile la Jumapili linavyotiwa rangi, nikamwahi, "Lakini haiwezi kuwa rangi, daktari. Mama mkwe anajifunga kitambaa cha rangi hiyohiyo na anaishika kwa mikono mitupu, hawashwi hata kidogo."

"Familia nzima inaweza kula dagaa, mmoja tu akavimba midomo," alisema. "Hao wengine watakuwa waongo?"

Akakata kipande kidogo upande wa ndani wa pindo la kila gauni, akavibandika mgongoni kwangu kwa plasta, la kila siku kushoto, la Jumapili kulia. Akaniambia nisipaloweshe, nirudi Ijumaa. Nilikaa na mgongo wangu kama mtu aliyebeba mayai. Haukupita muda mrefu, kulia kukaanza kuwasha, kushoto kimya. Nilijikuta natabasamu peke yangu katikati ya soko, mwanamke mzima mwenye msiba, nafurahia kuwashwa.

Ijumaa daktari alibandua plasta, akanipa vioo viwili nijione mgongo. Kushoto hakukuwa na kitu. Kulia palikuwa na kiraka chekundu cha pembe nne, kimevimba, kimejaa vipele vya majimaji, vilevile vya viwikoni.

"Kitambaa cha gauni hili hakishiki rangi hiyo," alisema. "Inakaa juujuu tu. Ukitoka jasho inahamia kwako, na kila ikiongezwa upya unapata dozi mpya. Lile jingine vaa tu, halina neno. Hili achana nalo, na ngozi itarudi yenyewe."

Nilitoka pale natembea juujuu. Furaha yenyewe haikufika hata stendi. Niliukumbuka ule mwiko unaogeuza gauni taratibu, na zile nyimbo, nikasimama katikati ya njia.

Ningemwambiaje? Mama, ile kazi unayomfanyia mwanao kila Jumamosi ndiyo inayoniunguza. Ningekuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho. Tena ingeonekana nimetafuta njia ya kuvua nyeusi kabla ya wakati. Leonia angepata wimbo wa kuimba mpaka Pasaka. Niliwaza kudanganya. Niseme ni maharage. Niwe navaa blauzi ya mikono mirefu chini ya gauni, nimwache mama na sufuria lake. Upele ungepona na asingejua kwa nini, na mimi ningebaki mkwe mwema. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakubaliana na uongo huo kabisa.

Kesho yake mchana nilimkuta nje, moto unawaka, sufuria limeshaanza kutoa mvuke. Pakiti mbili alikuwa amezipanga juu ya jiwe.

"Lete gauni, mama Doris," alisema. Halafu, kabla sijajibu, akakiangalia kiwiko changu. Aliangalia haraka na kuondoa macho, kama anayeona aibu kuangalia.

Uongo wangu wote ukaniishia palepale. Nilimwona atakavyokuwa akiniangalia hivyo miaka yote. Upele ungekwisha na yeye angeendelea kuusubiri.

"Mama, leo gauni lisitiwe rangi."

"Limeshakuwa majivu."

"Najua. Mama, nimetoka kwa daktari wa ngozi."

Akaweka mwiko chini. Akakaa kwenye kigoda polepole, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. "Kasemaje?"

Niliona maneno hayatatosha. Nikageuka, nikashusha gauni mgongoni, nikapiga magoti mbele yake ili aone vizuri.

"Huku kushoto alibandika kipande cha gauni langu la kila siku. Huku kulia kipande cha gauni la Jumapili. Angalia mwenyewe."

Nilisikia pumzi yake karibu na shingo yangu. Kidole chake kikapita kushoto, kikarudi, kikapita kulia, kikasimama.

"Ni rangi?" aliuliza.

"Ni rangi, mama. Ngozi yangu haiitaki."

"Upele wote? Wa siku zote hizi?"

"Wote."

"Sio kitu kingine."

"Hakuna kitu kingine. Sikuwa nacho, wala Remi hakuniachia kitu."

Moto ulilia, maji yakachemka. Nilikuwa nimefumba macho, nasubiri lawama au kilio, na nimeshaandaa maneno ya kumtuliza.

"Rangi niliyotia mimi," alisema.

"Mama, hukujua. Hakuna aliyejua, mimi mwenyewe..."

"Kumbe ni mimi!" Aliniweka mikono yote miwili begani, akanigeuza nimtazame. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mdomo umefunguka kwa kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Remigius akiwa hai. "Kumbe ni mimi, mama Doris! Ni mimi tu! Aika Ruwa, ni mimi!"

Nilibaki nimeduwaa, gauni limening'inia kiunoni, nusu uchi nje ya zizi. Kisha nikaelewa, na mimi nikaanza kulia. Yule mama alikuwa amebeba hatia ya mwanawe karibu mwaka mzima, na sasa alikuwa amepata ya kwake, ndogo, ya kweli, na aliikumbatia kama mjukuu. Alisimama, akalimwaga lile sufuria zima chini ya migomba.

Jumapili nilivaa gauni la pamba lililopauka mabegani. Aliniangalia nikitoka nalo, wala hakulisema. Misa ilipokwisha, akina mama walikuwa wamesimama mlangoni kama kawaida, Leonia akiwa mbele. Mama Dominika si mtu wa kuongea mbele za watu. Kwenye vikao vya ukoo huwa anamnong'oneza wa pembeni amsemee. Siku hiyo alinishika mkono, akanipeleka mpaka katikati yao, akapandisha mkono wa gauni langu kiwiko kikaonekana.

"Shikamoo mama," Leonia alisema, macho yakiwa tayari kwenye kiwiko.

"Marahaba. Mnaziona alama za ule upele? Mlikuwa mnauulizauliza. Nimemtia mimi." Akainua vidole vyake vyeusi juu, wote wavione. "Kwa rangi ya nguo, kwa mikono hii. Daktari wa ngozi ameupima mgongoni, anayetaka aje nyumbani aone. Nimemuunguza mkwe wangu mwaka mzima, na mwanangu amelala migombani hana kosa lolote. Naomba mnisamehe."

Mmoja alisema pole. Leonia akashika vidole vya Mama Dominika na kuvitazama kwa makini, maana hakuwa na pengine pa kutazama.

Tulichelewa sana kufika nyumbani. Mama Dominika alisimama kwenye kila njia inayoingia kihamba cha mtu, akaita wenye nyumba, akaonyesha kiwiko changu, akaonyesha vidole vyake, akaomba radhi upya tangu mwanzo. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na Doris alikuwa anakokota miguu. Sijawahi kuona mtu anaomba radhi kwa furaha namna ile. Nikamwacha aombe.